Usiache mbachao: Kondoo mwekundu akitokomea, boma la Mmaasai litabaki na nini?

MNUNUZI anayefika katika soko la mifugo la Bisil, Kiserian au Emali huwa na mambo mawili tu ya kuuliza: kondoo huyu ana uzito gani, na bei ya mwisho ni ipi. Haulizi iwapo mama yake aliuvuka ukame wa mwaka 2009, wala ni mara ngapi kwa mwaka hulazimika kunyweshwa dawa ya minyoo.

Kwa mnunuzi, maswali hayo hayana maana. Nyama itapimwa kwa kilo jijini Nairobi na kufikia jioni itakuwa imeliwa. Lakini kwa familia iliyomleta kondoo huyo sokoni, hayo ndiyo maswali yanayoamua iwapo boma litakuwa na mifugo miaka kumi ijayo.

Katika pengo hilo, baina ya kile anacholipia mnunuzi na kile anachohitaji mfugaji, ndimo anamopotelea kondoo mwekundu wa Kimaasai.

Huyu ni kondoo aliyefugwa tangu jadi na Wamaasai na majirani zao kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Rangi yake aghalabu ni ya udongo mwekundu, ingawa wamo pia wenye mabaka. Mwili wake una nywele badala ya sufu, na mkia wake mnene ni ghala la mafuta anayoyategemea wakati wa kiangazi.

Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo hawa halisi walikuwa wametapakaa kote katika maeneo ya ufugaji ya kusini, na idadi yao ilikadiriwa kuwa milioni kadhaa. Watafiti waliowatafuta kuanzia miaka ya 1990 walitaabika kupata makundi ambayo hayajachanganyika. Hata kundi dogo lililotunzwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), yenye makao yake makuu Nairobi, lilipatikana na dalili za kuingiliwa na damu ya kigeni.

Takwimu za taifa hazikuweza kutoa tahadhari. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu kondoo milioni 17.1 nchini. Ng'ombe walitenganishwa, wa kienyeji kando na wa kigeni kando. Hata kuku walitenganishwa. Kondoo wote walitiwa katika fungu moja. Serikali isiyotofautisha kondoo na kondoo haiwezi kung'amua pale aina moja inapotoweka, maadamu jumla inazidi kuongezeka.

BOMA NDILO KITABU

Ni kosa kudhani kuwa nasaba za mifugo huhifadhiwa na wataalamu katika maabara. Kondoo mwekundu amehifadhiwa na familia, kizazi baada ya kizazi, kwa utaratibu ambao wengi wetu tulio mijini hatuujui.

Katika boma la Kimaasai, babu, wanawe, wake zao na wajukuu huishi pamoja au kwa ujirani wa karibu. Mifugo hurejea jioni katika zizi moja, lakini kila mnyama ana mwenyewe. Kila mke hutengewa wanyama wa nyumba yake, na wanawe ndio watakaowarithi. Mtoto huweza kupewa mwanakondoo angali mdogo, na uzao wa mnyama huyo ukawa akiba yake ya kuanzia maisha.

Kazi nazo zimegawanywa kwa umri na jinsia. Watoto wadogo huanza kwa kuchunga wanakondoo kandokando ya boma. Wakipevuka kidogo hukabidhiwa kondoo na mbuzi, na baadaye ng'ombe. Akina mama ndio wanaojua ni kondoo yupi aliyezaa usiku, yupi anayemkataa mwanawe na yupi aliyeanza kudhoofika. Wazee ndio huamua dume yupi abakizwe na yupi ahasiwe.

Uamuzi huo wa mwisho, ambao mpita njia hauoni, ndio hasa sayansi ya uzalishaji. Mzee anapochagua dume, hatazami umbo lake tu. Anamkumbuka mama yake: alizaa mara ngapi, alitoa maziwa ya kutosha kumkuza mwanawe, alisimama mwaka ule mvua ilipokosa kunyesha. Dume aliyetoka kwa mama aliyeshindwa huhasiwa, akanenepeshwa na kuuzwa au kuchinjwa.

Kadhalika, kuna wakati wa kupandisha na wakati wa kuzuia. Tangu zamani wafugaji wamekuwa wakifunga kipande cha ngozi chini ya tumbo la dume ili asiweze kupanda majike katika msimu usiofaa, almuradi wanakondoo wazaliwe majani yakiwapo. Hakuna afisa wa nyanjani aliyewafundisha hayo.

Zaidi ya nyama, kondoo huyu ana nafasi katika maisha ya jamii. Mafuta ya mkia wake huhifadhiwa na kutumiwa kumpa nguvu mama aliyejifungua na kuwatibu wagonjwa. Katika sherehe kadhaa, kondoo anayehitajika sharti awe na sifa maalum, rangi ikiwa mojawapo. Familia isiyo naye hulazimika kwenda kumwomba au kumnunua kwa jirani.

Maarifa haya hayakuandikwa popote. Kitabu chake ni kumbukumbu ya bibi na babu, na darasa lake ni njia ya kwenda malishoni. Mjukuu anapokaa katika shule ya bweni miezi tisa kwa mwaka, na baadaye akaenda kuendesha bodaboda Kitengela, kitabu hicho hukosa msomaji. Hakuna wa kulaumiwa kwa kumpeleka mtoto shule. Lakini ni sharti tukubali kwamba kuna kitu kinachosahaulika.

HESABU YA DORPER

Kondoo aliyechukua nafasi ya yule mwekundu ni Dorper, mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe. Historia yake ina funzo kwetu.

Dorper alizalishwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kumchanganya kondoo wa Uingereza, Dorset Horn, na kondoo mwenye kichwa cheusi aitwaye Blackhead Persian. Licha ya jina hilo la Uajemi, chimbuko la huyu wa pili ni Usomali, na alifikishwa Afrika Kusini katika karne ya 19. Kwa maneno mengine, upande mmoja wa ukoo wa Dorper umetoka katika eneo letu hili hili. Wakulima wa Afrika Kusini waliona thamani katika kondoo wa mfugaji Msomali, wakamchagua, wakamwekea rekodi, na hatimaye sisi tukamnunua mjukuu wake kama mgeni wa heshima.

Katikati ya miaka ya 1970, Kenya ilianzisha mpango wa kuwasambazia wafugaji madume ya Dorper kwa bei iliyopunguzwa kwa ruzuku. Nia ilikuwa njema: kuongeza nyama na kipato. Kilichokosekana ni maelekezo. Mfugaji hakuelezwa namna ya kuendesha uchanganyaji huo kwa miaka mingi bila kuimaliza mbegu aliyokuwa nayo.

Ni muhimu kumtendea haki Dorper. Chotara wa kwanza, yaani mtoto wa jike jekundu na dume la Dorper, huwa mnyama mzuri mno. Hukua haraka kumshinda mama yake na hurithi sehemu ya ustahimilivu wake. Mzazi anayetakiwa kulipa karo mwezi Januari hahitaji mhadhara kuhusu faida ya kuuza kondoo mmoja kwa bei ya wawili.

Tatizo liko katika hesabu ya vizazi. Chotara wa kwanza ana nusu ya damu ya kondoo mwekundu. Akipandwa tena na Dorper, mtoto hubaki na robo. Huyo naye akipandwa na Dorper, atakayezaliwa atakuwa na sehemu moja tu kati ya nane. Kwa kuwa kondoo huzaa mapema, safari hiyo yote yaweza kukamilika ndani ya miaka saba au minane.

Hapo ndipo mfugaji hugundua kwamba uzuri wa yule chotara wa kwanza ulitegemea kuwapo kwa nyanya yake mwekundu. Wakiisha majike mekundu, hakuna tena wa kumzaa chotara huyo. Atakachobaki nacho ni kundi lenye damu nyingi ya Dorper katika ardhi isiyokuwa na majani ya kumlisha Dorper.

Kwa hivyo, hata anayempenda Dorper kwa dhati ana sababu ya kutaka kondoo mwekundu aendelee kuwapo. Mmoja ni mtaji na mwingine ni faida. Anayekula mtaji wake hawezi kulalamika faida inapokatika.

USHAHIDI WA DIANI

Huenda baadhi ya wasomaji wakadhani haya ni mapenzi tu ya mambo ya kale. Sivyo. Ubora wa kondoo mwekundu ulithibitishwa kwa vipimo hapa hapa nchini.

Katika miaka ya 1990, watafiti wa ILRI waliwafuga kondoo wekundu, Dorper na machotara wao pamoja katika shamba moja eneo la Diani, Pwani, ambako joto na unyevu huifanya minyoo kushamiri mwaka mzima. Adui mkuu alikuwa mnyoo anayeishi tumboni mwa kondoo na kufyonza damu, ambaye wataalamu humwita Haemonchus contortus. Kondoo aliyelemewa naye hupauka ufizi, huvimba chini ya taya na hatimaye hufa.

Matokeo yalikuwa bayana. Kondoo wekundu walipatikana na mayai machache ya minyoo kwenye kinyesi na damu nzito zaidi, nao wanakondoo wao walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wa Dorper. Ilipopigwa hesabu ya jumla ya kundi zima, yaani waliozaliwa, waliokufa na nyama iliyopatikana, kundi jekundu liliishinda Dorper kwa mbali, ingawa mmoja mmoja Dorper alikuwa mkubwa zaidi.

Utafiti ulionyesha pia upande wa pili. Katika nyanda kavu, minyoo si tishio kubwa hivyo, na pengo kati ya aina hizo mbili lilipungua sana. Tafiti za baadaye katika kaunti ya Kajiado zilipata picha inayoshabihiana na hiyo. Wafugaji wa Isinya, walio karibu na Nairobi na barabara kuu ya Namanga, waliegemea Dorper kwa sababu ya ukubwa wake. Wale wa Amboseli, ambako hali ni ngumu zaidi, walimthamini mwekundu kwa kustahimili ukame na maradhi.

Maana yake ni kwamba hakuna kondoo aliye bora kila mahali. Swali la busara si yupi mkubwa, bali ni yupi atakayebaki hai mahali hapa, kwa mfugaji huyu, katika mwaka mbaya.

Kuna jambo jingine linaloipa sifa hii uzito hata nje ya mipaka yetu. Dawa za minyoo zinazidi kupoteza makali. Usugu wa minyoo dhidi ya dawa umeripotiwa katika nchi nyingi zinazofuga kondoo, Kenya ikiwemo. Kondoo mwenye kinga ya kuzaliwa, ambaye hahitaji kumiminiwa dawa kila baada ya wiki chache, ni rasilimali ambayo ulimwengu mzima utaihitaji. Ndiyo maana wanasayansi wamekuwa wakichunguza vinasaba vyake ili kujua siri ya kinga hiyo iko wapi.

ARDHI INAPOKATWAKATWA

Hata hivyo, kumlaumu Dorper peke yake ni kukwepa nusu ya habari. Kondoo mwekundu aliumbika katika mfumo wa malisho mapana, na mfumo huo umevunjwa.

Sheria ya mwaka 1968 kuhusu ardhi za makundi iliwapa wafugaji wa Kajiado na Narok umiliki wa pamoja wa maranchi. Kuanzia miaka ya 1980, mengi ya maranchi hayo yaligawanywa na kila mwanachama akapewa hatimiliki yake. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 iliifuta ile ya 1968, lakini kufikia wakati huo sehemu kubwa ya ardhi karibu na Nairobi ilikuwa imeshakuwa mashamba ya watu binafsi, na baadhi yake ploti za kujenga nyumba.

Boma lililokuwa likihama na mvua sasa limezungukwa na nyaya. Baba aliyepata ekari 100 akiwa na wana watano anajua kila mwana atapata 20, na mjukuu atapata ekari chache tu. Katika hali hiyo, vijana husema kwa haki kabisa kwamba heri wafuge wachache wakubwa kuliko wengi wadogo.

Mgawanyo huo una athari nyingine isiyozungumziwa. Kundi dogo lililofungiwa mahali pamoja haliwezi kudumisha nasaba peke yake. Familia yenye kondoo 30 na dume mmoja, baada ya miaka michache, hujikuta dume huyo akiwapanda binti zake. Zamani kasoro hiyo ilitibiwa kwa ujamaa: madume yalibadilishanwa baina ya marafiki, wakwe na wanarika, na majike yalizunguka kama mahari na zawadi. Uzio unapozuia mifugo kukutana, na pesa zinapochukua mahali pa zawadi, mzunguko huo hudhoofika.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba anayetaka kubaki na kondoo wekundu halisi hulindwa na uzio iwapo anao. Asiye nao hupandiwa majike yake na dume la jirani, apende asipende. Uamuzi wa mtu mmoja wa kununua Dorper huwa uamuzi wa kijiji kizima.

Kisha huja ukame. Ule wa miaka ya 2008 na 2009 uliwafilisi wafugaji wengi wa Kajiado. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua ilikosa kwa misimu mitano mfululizo katika maeneo kame, na zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa nchini. Familia iliyoporomoka kutoka kondoo 100 hadi 10 haichagui nasaba. Huchukua chochote inachopewa.

Na kinachotolewa ni kipi? Katika kaunti kadhaa za wafugaji, serikali na mashirika ya misaada zimekuwa zikigawa madume ya Dorper na mbuzi wa Galla kwa lengo la kuboresha mifugo. Hivyo kila janga, pamoja na kuua wale wasiostahimili, hufungua mlango wa kuwaingiza wengine wa aina hiyo hiyo. Kondoo wachache wekundu waliobaki hai, ambao kwa kuishi kwao wamethibitisha kuwa ndio mbegu bora kuliko zote, hupandwa na dume jipya mwaka unaofuata.

KATIBA ILITAJA MIMEA, IKASAHAU KONDOO

Sheria zetu hazikosi maneno mazuri. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu na aina za mimea za kiasili, pamoja na matumizi yake na jamii za Kenya. Wanyama hawakutajwa. Kwa mkulima wa mtama au wimbi hapo pana pa kushikia. Kwa mfugaji wa kondoo, kifungu hicho kimenyamaza.

Kifungu cha 69 ni kipana zaidi. Kinaitaka Serikali ilinde maarifa ya kiasili kuhusu viumbe na rasilimali za kijenetiki za jamii. Aidha, Kenya ina kanuni za mwaka 2006 kuhusu namna ya kupata rasilimali hizo na kugawana manufaa yake, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Mkataba wa Nagoya kuhusu ugavi wa manufaa ulianza kutekelezwa kimataifa mwaka 2014.

Lakini manufaa hayawezi kugawanywa iwapo mwenye mali hajaandikwa popote. Ni nani atakayesimama siku kampuni itakapotengeneza faida kutokana na kinga ya kondoo huyu, na kusema kwamba hii ni kazi ya akina bibi wa Amboseli?

Tazama tofauti ya ng'ombe wa Boran. Wazungu wenye maranchi, hususan Laikipia, waliwanunua ng'ombe wa Waborana kupitia kwa wafanyabiashara wa Kisomali mwanzoni mwa karne ya 20, wakawachagua na kuwawekea rekodi. Mwaka 1951 waliunda chama cha wazalishaji wa Boran. Leo jina la Boran wa Kenya lina bei, na viinitete vya aina hiyo vimefika hadi Afrika Kusini na Australia.

Ng'ombe huyo naye alikuwa wa kienyeji, tena wa mfugaji wa kuhamahama. Kilichomwinua ni kwamba wenye kumfuga walikuwa na ardhi, mikopo, daftari na chama cha kuwasemea. Kondoo mwekundu hakuwahi kuwa na nguvu ya aina hiyo nyuma yake.

Dunia iliwahi kuonywa. Mwaka 2007, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitangaza kwamba katika miaka sita iliyotangulia, takriban aina moja ya mifugo ilikuwa ikitoweka kila mwezi. Mwezi Septemba mwaka huo wajumbe wa nchi 109 walikutana Interlaken, Uswisi, wakapitisha mpango wa kimataifa wa kuhifadhi rasilimali hizo. Ripoti ya FAO ya mwaka 2015 ilisema asilimia 17 ya aina za mifugo duniani zilikabiliwa na hatari ya kutoweka, na kwamba kwa asilimia 58 hapakuwa na takwimu za kutosha kujua hali yake.

NINI KIFANYWE

Suluhu haihitaji kuwanyima wafugaji Dorper. Serikali inayomwambia mtu maskini abaki na mnyama mdogo kwa faida ya ulimwengu, huku ulimwengu haumlipi chochote, inamdhulumu. Kinachohitajika ni kuifanya kazi ya kuhifadhi ilipe.

Kwanza, hesabu. Sensa na takwimu za kaunti zitenganishe kondoo kwa aina, kama zilivyofanya kwa ng'ombe na kuku. Kazi hii si ngumu, na bila hiyo mipango mingine yote itakuwa ya kubahatisha.

Pili, masharti ya ugavi. Kwa mujibu wa Katiba, ufugaji ni jukumu la kaunti. Kaunti inayogawa madume ya Dorper iyapeleke mahali yanapofaa, kama vile Isinya, na ihakikishe kila kijiji kina makundi yaliyotengwa kubaki mekundu. Katika maeneo makavu na yale yenye minyoo, dume la kugawiwa liwe jekundu lililochaguliwa kutoka kwa mama aliyeuvuka ukame.

Tatu, soko la mbegu. Mfugaji mwenye kundi halisi hapaswi kumuuza dume wake kwa bei ya nyama. Kaunti na mashirika yanayowarejeshea waathiriwa mifugo yakianza kununua madume kutoka kwa familia hizo, kwa bei ya mbegu iliyo juu ya ile ya mchinjaji, ujumbe utafika kila boma bila semina.

Nne, kubadilishana madume. Mabingwa wa jambo hili ni wenyeji wenyewe. Vikundi vya familia kumi au ishirini vinaweza kuzungusha madume kwa zamu, na kijana yule yule mwenye simu anayedhaniwa kuwa amepotea mjini akawa mwenye kutunza orodha: dume gani, mama yake nani, alikaa wapi, na mwaka gani. Babu ana kumbukumbu na mjukuu ana kalamu. Mpango wowote usiowaketisha wawili hao pamoja hautadumu.

Tano, akina mama wasiachwe nje. Wao ndio wanaoshinda na kondoo, ilhali mafunzo na hundi aghalabu huenda kwa mwanamume ambaye jina lake limo katika hatimiliki.

Kuna watakaosema kuwa muda umepita. Haujapita, lakini umeyoyoma. Mbegu za madume zinaweza kugandishwa na kuhifadhiwa katika baridi kali kwa miaka mingi, na ni jambo la busara kufanya hivyo. Hata hivyo, mtungi wa barafu hauhifadhi ujuzi wa kujua ni mama yupi aliyefaa, wala hauendelei kupambana na minyoo na ukame unaobadilika mwaka hadi mwaka. Kazi hiyo hufanywa na kondoo aliye hai, malishoni, chini ya macho ya watu wanaomjua.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Dorper hajakatazwa kupita, na anakaribishwa kupita. Lakini siku mvua itakapokosa tena kwa misimu mitano, ni mbacha utakaohitajika kulalia, na familia ambazo bado zinao zinaulizwa kila siku ya soko ziuuze kwa bei ya nyama.